Yaya kutoka Ng'ambo ya Songwe

...jina lake, ananiuliza jina lake hivi hivi kama mtu anayeuliza bei ya kitenge, "huyo mzee mnayeishi naye hapo nyumbani, mama, anaitwa nani?", na kalamu yake imeshagusa karatasi inangoja, na mimi nimefungua mdomo hakikutoka kitu, nimeufunga, nimeufungua tena, hapana, haiwezekani, miaka tisa ya ndoa sijawahi kulitamka jina lile, si kwa sauti wala kwa kunong'ona, hata kichwani nikilikaribia nalizunguka napita pembeni, na huyu afisa wa uhamiaji ni mtu wa Tanga, bado analalamikia mvua ya Tukuyu, atajuaje kwamba kwetu mke hamtaji baba mkwe, wala hamtazami usoni, wala hampi kitu mkononi, na hata maneno yanayofanana na jina lake huyakwepa, fundi wangu wa cherehani pale sokoni anajua, nikitaka sketi ya mteja ifupishwe nasema ikunje hapo chini, kunja, lile neno lingine silisemi, fundi ameshazoea, wateja ndio hucheka... na simu inalia, afadhali, simu nyeusi iliyo kwenye kona ya meza imelia kweli, na afisa amenyanyua kidole, "subiri hapo hapo mama, nikimaliza tunaanzia kwenye jina la mzee", halo, halo Mbeya, nakusikia kwa mbali, sema kwa nguvu, na mvua inapiga bati mpaka analazimika kupaza sauti, na Beatrice anayepiga taipu pale dirishani amegeuka kunitazama, Beatrice ni binti wa Igogwe, Mnyakyusa mwenzangu, ananijua na mzee anamjua, wanasali kanisa moja, ameona nilivyokwama na ametabasamu kidogo, angeweza kunisaidia, angesema tu bwana afisa huyu hawezi kulitaja, ngoja nikutajie mimi, ndivyo tunavyofanyiana sisi wake za watu, hospitali, shuleni, kwa balozi wa nyumba kumi, popote panapoulizwa jina la mkwe anatafutwa mtu wa kukuazima mdomo, wala si jambo la kuona haya... sasa mbona moyo unanienda mbio hivi, kwa jina tu, jina ambalo si mara ya kwanza kuulizwa.

Nitulie. Nimekuja kuomba kibali cha Esnati, basi, mtumishi wa ndani kutoka Malawi, alee watoto wangu wawili, akae hapo hapo nyumbani kwetu, Msasani ya hapa Tukuyu, na maswali mengine yote nimeyajibu bila kusita, kwa nini humchukui Mtanzania, mama, wasichana si wamejaa huku, nikamwambia wamejaa wapi, bwana afisa, hao ni wa zamani, tangu biashara ifunguliwe nani tena anataka kufua nepi za mtoto wa mtu, yule Prisca wa Kyimo nilimfundisha mpaka kupika wali usioshikana, siku moja natoka dukani namkuta jirani amembeba Amoni wangu, Prisca kapanda lori la ndizi, yuko Dar, anauza ndizi zake mwenyewe, na aliyemfuata aliomba likizo fupi akamsaidie dada yake kuchuma chai, akaonja pesa isiyopitia mkononi mwangu, hakurudi hata kuchukua ndala zake, na siwalaumu, mimi mwenyewe si ni ruksa hiyo hiyo ya biashara iliyonitoa jikoni, juzi tu nilikuwa napanga foleni ya sukari na leo nina duka la vitenge, mzigo wangu unatoka mpaka Zambia, nafungua asubuhi nafunga magharibi, sasa nani akae na Amoni ambaye bado ananyonya... na maziwa haya yamenijaa, kifua kinauma, hapo alipo sasa hivi analia au amelala mgongoni kwa Esnati, mgongoni kwa Esnati, najua... na aliyeleta wazo la mtu wa ng'ambo ni Anyitike, mume wangu, alikuwa ananawa mikono baada ya kula, nakumbuka alivyokuwa akisema bila kunitazama, hawa wa kwetu ruksa imewapanda kichwani, Mama Amoni, tuchukue Mngonde, mto Songwe ndio tu umetutenganisha, lugha ni yetu, adabu ni ile ya wazee wetu, mila zote wanazijua, na akiwa mbali na kwao hatakimbia hovyo, na Anyitike huko Karonga hakauki, anapeleka saruji kwa lori lake anarudi na sukari, basi akamleta, msichana mwembamba na kifurushi chake cha nguo, akapiga magoti mlangoni, mugonile mama, akanisalimia, nikaelewa kila neno, nikafurahi, Mungu ni shahidi nilifurahi, nikasema huyu ni wa kwetu, waliochora mpaka ndio walikosea, na ametulia kweli, Amoni alimpenda siku ile ile, Tupokigwe wangu alianza kusukwa nywele kila Jumamosi, na nilipotoka dukani nilikuta maji ya moto, nikakaa, nikanyoosha miguu, nikasema kumbe na mimi naweza kuishi kama watu.

Tairi, anasema afisa kwenye simu, tairi la nyuma, la pikipiki, limeisha kabisa, nitafikaje mpakani Kasumulu na tairi lile, ndio, nasubiri, sikati... na haangalii upande wangu, amesahau kama nipo, ila kalamu bado iko juu ya pale penye jina la mzee, na juu yake kidogo kuna jibu langu la mwisho, nilimwona akiliandika, aliuliza atalea watoto tu au na huyo mzee pia, nikamjibu upesi, na mzee pia, bwana afisa, ndiye anayempelekea uji, ndiye anayemshika mkono kwenda bafuni, maana mzee ana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya vivuli... nilisema hivyo na nimesema uongo. Hapo ndipo moyo ulipoanza mbio, wala si kwenye jina, ni hapo, kwenye jibu lile, maana neno lilipotoka tu mdomoni nilisikia linagonga kitu. Zamani ndiyo. Alipokuja, ndiyo, alimshika mkono kama babu yake, tata, baba, tupite huku kuna matope, tata inua mguu, na mzee alikuwa anacheka, mzee ambaye tangu mke wake afe huko Kyimo tukamhamishia kwetu hatukumsikia akicheka, mimi nilikuwa nasikilizia nyuma ya mlango, kwa sababu mimi mahali pangu ni nyuma ya mlango, nyuma ya migomba, nyuma ya nyumba, Anyitike alimjengea baba yake kibanda ng'ambo ya migomba na mlango akaugeuzia upande wa pili ili tusionane, na mzee mwenyewe ni mtu wa adabu, kabla hajatokeza kwenye kona ya pipa la maji anakohoa, kikohozi kikavu cha makusudi, si cha ugonjwa, maana yake natokea, mke wa mwanangu, jiondoe, na mimi naweka chini nilichoshika najiondoa, najitanda kitenge nageukia ukuta, anapita akigongagonga na fimbo yake, na akishapita anasema neno moja hewani bila kugeuka, ndaga, asante, basi, hilo tu, kwa miaka tisa hilo ndilo neno pekee baba mkwe wangu aliloniambia, na mtu wa mji anaweza kucheka, Bushiri mwenye duka jirani na langu hucheka, anasema Mama Amoni unamficha uso mtu asiyeona, namwambia we Bushiri hujui, ndaga ile naipenda, siku nikiwa nimevurugwa na wateja nikaisikia ile ndaga najiona nina heshima yangu katika nyumba ile, kwamba kuna mtu anajua kuwa niko na amenishukuru kwa jinsi nilivyo.

Lakini Esnati si mkwe wake, Esnati ni msichana wa kazi, hana haja ya kujificha, tulimchukua mahsusi kwa hilo, afanye nisiyoweza kufanya... na hajampelekea uji muda mrefu sasa. Anamtuma Tupokigwe. Mtoto wa miaka sita anavuka migomba na kikombe cha moto, nilimkuta siku moja amejiunguza kidole, nikafoka, Esnati kwa nini hukupeleka mwenyewe, akainamisha kichwa, mikono nyuma, akasema dada nilikuwa nina unga mikononi. Dada. Tangu lini niliacha kuwa mama nikawa dada, nilifikiri ameanza kunizoea, nilifurahia hata hilo, mjinga mimi. Na mkono wa mzee hamshiki tena, mzee anajipapasia na fimbo mpaka bafuni, juzi alianguka kwenye matope, na nani alimwinua, alikuja jirani Asajile, mwanamume, na Esnati alikuwa wapi, alikuwa hapo hapo uani, Asajile alishangaa akaniambia, yule binti wenu nilimkuta amesimama nyuma ya jiko amegeukia ukuta analia, na baba yenu chini, na hasogei, sijui ana nini, pengine ana mapepo, na mimi nikasema ni uvivu, nikasema ni utoto, nikasema ameanza kuota mapembe kwa sababu anajua namhitaji, nikapanga kumsema vizuri nikishapata kibali, kwanza kibali, maneno baadaye... amegeukia ukuta. Nani hugeukia ukuta... nani hugeukia ukuta, Sekela, hebu sema, wewe uliyefanya hivyo miaka tisa.

Hapana. Ngoja. Mtu asijitafutie ugonjwa. Pengine kwao mtoto wa kike anajificha akipita mzee yeyote... lakini mbona mwanzo hakujificha, mbona alimshika mkono akamwita tata... Na Jumamosi. Ile Jumamosi nilipotoka dukani mapema na homa, nikapitia mlango wa nyuma, hakuna aliyeniona, watoto walikuwa kwa Asajile, nikalala chumbani na blanketi mpaka puani natetemeka, na nikasikia kikohozi kwenye kona ya pipa, na mimi na homa yangu, ndani, mlango umefungwa, bado nikavuta blanketi nikafunika kichwa, mazoea hayo, na nje nikasikia ndoo inawekwa chini kwa haraka, maji yakamwagika, miguu ikakimbilia nyuma ya jiko, kisha kimya, kisha fimbo, gonga, gonga, ikapita, na mzee akasema, ndaga. Nikafarijika, jamani, nililala pale nikafarijika, nikasema mzee amejua kwamba naumwa, ananishukuru hata nikiwa kitandani, mpaka machozi yalinitoka kwa homa na kwa ile ndaga... Alijuaje kama nipo? Haoni. Sikukohoa, sikusema. Kwa hesabu yake mimi nilikuwa dukani, Jumamosi yote niko dukani, siku ya gulio, anajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Pale uani palikuwa na mtu mmoja tu. Alimkoholea Esnati. Esnati akajiondoa. Akamshukuru Esnati. Ndaga yangu amempa Esnati.

"Ndio mkuu, ndio, nakusikia", anasema afisa, "sasa hilo tairi likija na basi nani atalipokea?", na mimi nimeshika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili, Beatrice ameacha kutabasamu, anauliza kwa macho, mama unaumwa, natikisa kichwa, siumwi, nimeona, hicho ndicho kinachoniuma... maana mwanamke hawi mkwe wa mzee kwa kumtazama, anakuwa mkwe kwa mwanawe, na mzee ana mwana mmoja, na mwana huyo ndiye aliyeniamsha leo, akanichagulia hata nguo, vaa hiyo ya kanisani, Mama Amoni, nenda wewe, mimi nikienda wataona dereva wa lori watanisumbua, wakimwona mama mwenye mtoto wa kunyonya watatoa kibali upesi, omba cha muda mrefu, akasema, cha muda mrefu kabisa. Amenituma mimi. Amenituma nimwombee mke. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi na mvua imenilowesha mpaka magoti, nikaeleza serikali kwa ulimi wangu mwenyewe kwamba nyumba yangu haiwezi kwenda bila binti huyu. Na Esnati aliporudi kwao kumsalimia mama yake si walikwenda wote, kwa lori moja, na Anyitike akasema mtamba wa baba kule Kyimo amekufa, yule mweusi mwenye doa, amekufa kwa kuvimba tumbo, na mimi nikasema pole, na sikujiuliza, ng'ombe afe Kyimo, hatua chache kutoka hapa, na nyama yake isitufikie hata kipande, hata utumbo, hata mguu wa supu wa mzee asiye na meno, hakufa yule, alivushwa, yuko Karonga anakula majani kwa baba yake Esnati, na ng'ombe ni wa mzee, hatoki zizini bila neno la mzee... kwa hiyo mzee alitoa. Mzee wangu wa ndaga. Anyitike ni Anyitike, wanaume wa malori tunawajua, nilishasikia harufu za sabuni ngeni nikanyamaza, lakini mzee, mzee niliyemheshimu kwa kila kona ya nyumba ile, alikaa kibandani mwake akajua, akakohoa mara moja kwa ajili yangu na mara nyingine kwa ajili ya Esnati, akatugawia adabu sawasawa kama mtu anayegawa karanga, na hakuniambia, kwa sababu angeniambiaje, hatusemezani.

Nasikia vibaya. Nasikia hasira, na wivu, usiseme si wivu, Sekela, ni wivu, binti ana kiuno kama cha msichana wa shule na mimi nimezaa, nasikia aibu mpaka masikioni, na chini ya yote nasikia hofu, kwa sababu nikiondoka watoto ni wa ukoo wao, mila ndivyo isemavyo, nitaondoka na vitenge vyangu na Amoni atabaki mgongoni pale pale alipo sasa hivi, tena hatajua tofauti, mtoto wa umri ule, atamwita mama kesho kutwa, nimemtafutia mama mwingine kwa mikono yangu, na kibali nimwombee... Na Esnati, nimchukie Esnati, nataka kumchukia, najaribu, nikifika nimshike nywele nimtupe nje na kifurushi chake, lakini namwona yule nyuma ya jiko, mzee kaanguka kwenye matope na yeye amegeukia ukuta analia, anataka kumwinua na hawezi, kwa sababu mkwe hamgusi mkwe, na angeweza kujifanya, hicho ndicho kinachonishinda, angeweza kuendelea kumshika mkono na kupeleka uji na kumwita tata, nani angejua, ningekaa na kibali changu kizuri miaka na miaka, Anyitike alijifanya, mzee alijifanya, yeye peke yake hakuweza, mwili wake ulikataa, kila asubuhi alinionyesha mbele ya macho yangu, huyu si tena baba wa tajiri yangu, dada, huyu ni mkwe wangu, angalia, najificha, angalia basi, na mimi nikaangalia nikaona uvivu. Amenipa heshima hiyo moja, hakunidanganya kwa adabu za kwetu. Na mimi nimeanza kumwonea huruma na huruma yenyewe inaniudhi.

Afisa anaiweka simu chini, halafu anainyanyua tena, anasikiliza kama bado kuna mtu, hakuna, anaiweka, anapangusa miwani kwa ncha ya tai, ataanza sasa, ataanzia kwenye jina, na chini kabisa ya karatasi ile naona mstari wa sahihi ya mwombaji, uko mtupu, na utabaki mtupu, hilo angalau nimelijua, atakuja Anyitike mwenyewe na suti yake ya kwaya aeleze hapa anaomba mtu wa kazi gani, Beatrice akipiga taipu na Igogwe nzima ikisikia, lakini hilo ni dogo, karatasi ni karatasi, mimi nikitoka hapa nitakwenda wapi, nitarudi Msasani, wapi pengine, kifua kimejaa maziwa, na nyumba ile saruji yake niliishusha mwenyewe kichwani Anyitike akiwa safarini, bati zile ni vitenge vyangu, siondoki, kwa nini niondoke, nitaingia kwa mlango wa mbele, na mzee akikohoa... akikohoa nifanye nini. Hilo ndilo swali. Nikijiondoa nimekubali, nitasimama nyuma ya jiko na Esnati ubavuni mwangu, wakwe wawili na kitenge kimoja kimoja, tumegeukia ukuta, na neno lile moja tugawane, hapana, hiyo siwezi, mengine pengine ningeyaweza, wanawake wanayaweza kila siku, lakini hiyo siwezi, ile ilikuwa yangu. Bibi yangu alikuwa akisimulia, mke akimtaja mkwe kwa jina zamani alirudishwa kwao siku hiyo hiyo, mpaka baba yake alete ng'ombe wa kuomba radhi, kwa sababu kulitaja ni kama kusema mimi si mke tena katika ua huu, mimi ni mtu tu, mpita njia, mtu yeyote anaweza kumtaja mtu yeyote... mtu yeyote, Bushiri anamtaja, Asajile anamtaja, watoto wa shule wanamtaja. Mimi tu. Na sasa mimi na Esnati.

"Haya mama, samahani, tairi hilo litaniua", anasema afisa, amechukua kalamu, "tulikuwa kwenye mzee, jina lake nani?", na mvua haijapungua hata kidogo, mtu kwenye benchi nyuma yangu anapiga miayo, na Beatrice, Mungu ambariki, ameshageuka kwenye kiti chake, "bwana afisa", anasema, "huyo mama hawezi kulitaja, ni desturi yetu, ni mkwe wake, ngoja nikutajie mimi, anaitwa..."

"Acha, Beatrice", nasema, "nitamtaja mwenyewe."

Ambindwile, nasema. Linatoka dogo, na mvua inalimeza, na afisa anainama mbele na kiganja sikioni, nani, mama, sikusikia, na mikono yangu imetulia mezani, sijui imetulia lini, nasema tena, Ambindwile, kwa sauti ninayowaitia wateja sokoni, Ambindwile, na taipu ya Beatrice imenyamaza, amefunika mdomo kwa vidole, anajua, kesho Igogwe itajua, na afisa wa Tanga anaandika tu, herufi kwa herufi, anaivuta kalamu polepole kwenye ile karatasi yenye unyevu.

"Ambindwile", anasoma. "Kwa hiyo huyu ni baba mkwe wako."

"Andika baba yake Anyitike", nasema, na anaandika.